Huduma ya uchaguzi wa wabunge Tanzania: kituoni pako vizuri, shida iko kabla hujafika kituoni

Watu wanapima simu, mabasi ya mikoani, hoteli, mpaka vifurushi vya intaneti, ila hii huduma ambayo wote tunailipia kwa kodi na ndo inaamua nani akakae Dodoma miaka mitano sijaona mtu akiipima kama huduma, wengi tunaishia kubishana chama gani kizuri na chama gani kibaya basi tunalala. Mi nataka kuipima hatua kwa hatua kama mteja, kuanzia unapoandikishwa mpaka pale unapotaka kulalamika, na niseme mapema kabisa kwamba jumla naipa nyota 2 kati ya 5, na hizo 2 zimetoka karibu zote sehemu moja.

Kuandikishwa kwanza. Hapa kiukweli wamepiga hatua, tangu 2015 walipoleta mashine za BVR, zile za kuandikisha kwa picha na alama za vidole, mambo yalibadilika, unakaa kwenye kiti unapigwa picha, unaweka vidole, unasaini, kadi inatoka pale pale unaondoka nayo. Na hiyo kadi kwa miaka mingi imesaidia watu hata nje ya uchaguzi, enzi ambazo kitambulisho cha NIDA kilikuwa cha kusubiri mpaka unakata tamaa, kadi ya mpiga kura ndo ilikuwa inasajili laini na kufungua akaunti. Mwaka 2025 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37. Kero ndogo tu ni ile ya majina kupangwa kwa herufi, mume anapiga chumba hiki mke chumba kile, bibi anazunguka na kadi yake mkononi anasoma mabango yaliyobandikwa ukutani na miwani hana. Hiyo inarekebishika kwa kuweka tu kijana mmoja mlangoni wa kuelekeza watu, na vituo vingine wanafanya hivo tayari.

Siku yenyewe kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi kinafungwa saa 10 jioni, na kama saa 10 imekukuta kwenye foleni unaruhusiwa kupiga. Wazee, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na wagonjwa wanapita mbele bila mtu kununa, hiki kitu nakipenda sana, hujawahi kuona foleni ya Kitanzania yenye adabu kama ya kupiga kura. Karani anasoma jina lako kwa sauti, mawakala wa vyama nao wanatafuta kwenye orodha zao, unapewa karatasi, unaingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, unaweka alama yako, unatumbukiza, unachovya kidole kwenye wino unaondoka. Asiyeona anapewa kifaa cha nukta nundu apige mwenyewe bila kusomewa na mtu, au anakuja na mtu anayemwamini.

Ila sehemu ambayo ningependa kila Mtanzania aione walau mara moja ni kuhesabu. Nimewahi kukaa ndani kama wakala, na nisingekaa nisingeamini. Mlango unafungwa, msimamizi wa kituo anakata lakiri mbele yenu, anamwaga karatasi mezani, halafu anakunjua moja moja, anainyanyua juu kila wakala aione, anataja jina, karani anaipeleka kwenye fungu lake. Giza likiingia zinawashwa taa za betri na kazi inaendelea hivo hivo, hakuna anayesinzia. Ikija karatasi yenye utata mnainama wote, huyu anasema alama imegusa mstari, yule anasema nia ya mpiga kura inaonekana, mnabishana kwa heshima mpaka mnakubaliana. Ilitoka karatasi moja ambayo mtu kaacha majina yote hajagusa, kaandika chini kwa herufi kubwa MAJI, basi ikaenda fungu la zilizoharibika, na mimi nikabaki naifikiria hiyo karatasi kuliko zote zilizohesabiwa usiku ule maana yule mtu kasema kitu cha maana kuliko sisi wote mle ndani halafu hakina pa kuandikwa. Mwisho mnajaza fomu, ya ubunge kwa miaka mingi ilikuwa fomu namba 21B, mnasaini, kila wakala anapewa nakala na nyingine inabandikwa nje. Kama kila kituo kingekuwa kinafanya hivi na kila wakala anaruhusiwa kuingia ningetoa 5 bila kusita. Natoa 4 kwa sababu mwaka 2020 vyama vya upinzani vililalamika sehemu nyingi kwamba mawakala wao walizuiwa au walichelewa kupewa barua za utambulisho, na kituo kisicho na wakala wa pande zote hata kikihesabu kwa uaminifu mkubwa kiasi gani hakuna wa kukishuhudia.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Maana unaweza ukaandikishwa vizuri, ukapanga foleni vizuri, ukahesabiwa vizuri, halafu majina yaliyoko kwenye ile karatasi yakawa yameshaamuliwa zamani na watu ambao hukuwachagua. Wanaofanya biashara ya mitumba watanielewa haraka, belo likifunguliwa alfajiri wenye hela yao wanachambua grede ya kwanza wote, we ukija saa 4 unaambiwa chagua uipendayo na kweli unachagua, ila unachagua kwenye yaliyobaki.

Nchi ambayo chama kimoja kinashinda karibu kila jimbo, uchaguzi wa mbunge unafanyika ndani ya hicho chama. Angalia namba tu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo kurudi 1992, CCM, chama tawala, ilipata majimbo 186 kati ya 232. Mwaka 2005 ikapata 206 kati ya hayo 232. 2010 na 2015 upinzani ukapumua kidogo. Halafu 2020 CCM ikachukua 256 kati ya 264, ACT-Wazalendo 4, CUF 3, Chadema 1, hao 3 na hao 4 na huyo 1 ndo upinzani wote wa majimbo nchi nzima. Freeman Mbowe wa Hai chini, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini chini, Halima Mdee wa Kawe chini, Sugu wa Mbeya Mjini chini, na wagombea 28 wa chama tawala walipita bila kupingwa yaani hayo majimbo wananchi hawakupewa hata karatasi ya ubunge. Kwa namba kama hizi mtu wa Newala akiuliza mbunge wangu anachaguliwa lini, jibu la kweli ni Julai au Agosti kwenye kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama, Oktoba ni kuthibitisha.

Kwahiyo kura za maoni ndo bidhaa yenyewe na ndo hakuna anayeikagua. Mwaka 2010 na 2015 CCM iliruhusu wanachama wote wenye kadi wapige kura matawini, na pamoja na vurugu zote na malalamiko ya rushwa yaliyokuwepo, mi naona ile ndo ilikuwa bora kupita zote za zama hizi, maana wabunge wazito waliokuwa hawaonekani jimboni waliangushwa na akina mama wa kawaida wenye kadi za chama, watu ambao mheshimiwa hawezi kuwapa bahasha wote hata akiuza nyumba. 2020 wakarudisha kwa wajumbe. Mkutano mkuu wa jimbo, ukumbi mmoja, mamia kadhaa ya watu, wagombea wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki wanasubiri. Wengi tuliangalia kwenye simu zetu ule mwezi wa Julai, kura zinahesabiwa hadharani, mtu na shahada zake, na kitambulisho cha ofisi kubwa Dar, anatajwa sifuri, mwingine moja, mwingine mbili na waliomuahidi ni nusu ya ukumbi. Ndo ikazaliwa ile kauli ya wajumbe si watu, ikachapishwa mpaka kwenye fulana, watu wakacheka sana.

Mi niliwatetea wajumbe na bado nawatetea. Mjumbe wa kijijini hajakosea kumkataa mtu aliyemuona kwa mara ya kwanza wiki ya kuchukua fomu. Na kuhesabu kwenyewe kulikuwa kwa wazi kabisa, kwenye uwazi wa kuhesabu wanastahili sifa. Tatizo ni kwamba baada ya ule uwazi wote majina yakapanda wilaya, mkoa, Kamati Kuu, Halmashauri Kuu ya Taifa, na kule juu baadhi ya walioongoza wakaachwa wakachukuliwa wa pili au wa tatu na mwananchi hakuambiwa kwa nini. Sababu inaweza kuwa nzuri kabisa, pengine aliyeongoza alinunua kura na ushahidi upo, basi sema. Usiposema unamfundisha mjumbe kwamba kura yake ni ushauri tu, na mjumbe aliyeshajua kwamba kura yake ni ushauri ndo rahisi kupokea bahasha.

2025 wakageuza mpangilio. Idadi ya wapiga kura wa ndani ikaongezwa, hilo zuri, lakini mchujo wa juu ukaja kabla ya kura za wajumbe, kwahiyo kuna majina yalikatwa kabla mjumbe hajayagusa. January Makamba wa Bumbuli, aliyekuwa waziri, jina lake halikurudi. Luhaga Mpina wa Kisesa naye jina halikurudi, akahamia ACT-Wazalendo. Sisemi walistahili kurudi, sina mbunge ninayempigia debe hapa, nasema watu wa Bumbuli na wa Kisesa ndo walitakiwa wawe wa kwanza kuwakataa au kuwakubali. Kwa hatua hii natoa nyota 1, na hiyo moja ni ya wajumbe wa kawaida wanaotembea kilomita kibao kwenda kukaa juani kutwa nzima.

Kuna watu wataniambia chama kikiwa kimoja ndo ilivyo, hakuna namna. Si kweli, na ushahidi tunao humu humu nchini. Wazee wanakumbuka jembe na nyumba. Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kwa sheria, TANU basi, huruhusiwi kingine. Lakini kila jimbo lilitakiwa kuwa na wagombea wawili wote wa TANU, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba, na masharti ya kampeni ukiyasoma leo unashangaa. Wagombea wanasafiri pamoja na wanapanda jukwaa moja, mikutano inaandaliwa na chama, huruhusiwi kuitisha mkutano wako binafsi, huruhusiwi kutumia hela yako kujitangaza, unaongea Kiswahili tu hata kama jimbo zima mnajua kilugha chenu, huruhusiwi kugusa kabila wala dini wala rangi, na huruhusiwi kusema eti Mwalimu Nyerere anakutaka wewe. Matokeo yake Waziri wa Fedha Paul Bomani akaanguka, na wabunge kibao waliokuwa madarakani wakaanguka naye, wananchi walichuja serikali bila kubadilisha chama.

Hiyo huduma ya 1965 naipa 3. Ningetoa zaidi ila majina yale mawili nayo yalipitishwa na Halmashauri Kuu, halafu ukishafika bungeni ukiwa na mdomo mambo yalibadilika, Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU akiwemo Joseph Kasella-Bantu na ubunge ukaenda na kadi ya chama. Yaani wananchi wamekupa, chama kimekunyang'anya. Lakini kile kipande kimoja, mwananchi yeyote mwenye kura hata asiye mwanachama anachagua kati ya watu wawili walioshindanishwa sawa kwa hela sawa na jukwaa sawa, hicho leo hatuna na tulikuwa nacho miaka 60 iliyopita.

Na ili tusidhani kila mfumo wa chama kimoja ni sawasawa, tazama jirani. Kenya 1988 enzi za KANU walikuja na mlolongo, kwenye mchujo wa chama unasimama nyuma ya mgombea wako au picha yake hadharani, chifu anaona, mwajiri anaona, jirani anaona, na anayepata asilimia 70 kwenye mlolongo anahesabiwa ameshinda ubunge moja kwa moja, wananchi wengine hawapigi kura ya siri tena. Kuna sehemu mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndo mrefu mchana kweupe watu wakiangalia. Hiyo ni nyota sifuri, na watu waliikasirikia mpaka KANU wenyewe wakaifuta Desemba 1990. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha kwamba sehemu nyeti ni ile ile, mchujo wa ndani. Walioharibu Kenya waliharibia hapo hapo.

Kuna dirisha lingine ambalo lingesaidia sana kupunguza hii shida nalo limefungwa, mgombea binafsi. Kama chama kimekukata na watu wa jimbo lako wanakutaka, ungegombea mwenyewe tuone. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania hili maisha yake yote. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira, ikamkubalia, Bunge likabadilisha katiba kulizuia. Akarudi mahakamani akashinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikatengua ikasema hili ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha hapo hapo, Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki yake. Mtikila akafa 2015 na mpaka leo ukitaka ubunge lazima upite chama. Mpina alipokatwa ilibidi atafute chama kingine, na siyo kila aliyekatwa ana jina la kupokelewa kwingine.

Huduma baada ya mauzo. Mbunge ameshaapa, anamtumikia nani? Katiba ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka basi amepoteza ubunge. Hiyo sentensi moja ndo inaeleza kwa nini mbunge wako anapiga meza ndiyooo kwenye muswada ambao mlimtuma akaukatae. Anajua nyie mnaweza kumtoa baada ya miaka mitano na wenzake wanaweza kumtoa wiki ijayo. Na ilivyotumika kati ya 2017 na 2019 ilisikitisha zaidi, wabunge wa upinzani mmoja baada ya mwingine wakajiuzulu eti kuunga mkono juhudi za Rais Magufuli, jimbo likawa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa kwa gharama zetu, na yule yule akarudi na rangi nyingine. Watu waliokaa kwenye foleni 2015 kumchagua mpinzani walichukuliwa kura yao mfukoni na hakuna aliyewauliza.

Viti maalum sitavichambua sana, nia yake ni nzuri na bila vyenyewe Bunge lingekuwa na wanawake wachache mno. Ila mpiga kura haoni jina hata moja, vinagawanywa kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge na chama ndo kinapanga orodha. Wale 19 wa Chadema walioapishwa 2020 huku chama chao kikisema hakijawapeleka na kikawavua uanachama, halafu wakaendelea kukaa bungeni, walitupa jibu kwamba ile ibara ya 71 inaweza ikasubiri ikitakiwa kusubiri. Sheria moja inakuwa kali kwa huyu na taratibu kwa yule, hapo mteja anakosa imani kabisa.

Dawati la malalamiko. Hapa msomaji aangalie vizuri maana wengi hawajui. Matokeo ya urais katiba inazuia kuyapinga mahakamani, ya ubunge unaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu. Vizuri. Ila sheria ya uchaguzi ya 1985 ilitaka anayefungua kesi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kwa kila anayemshtaki, wakati kugombea kwenyewe dhamana ni elfu 50. Unaweza kuomba upunguziwe lakini unaanza na huo mlima. Na mpiga kura wa kawaida ndo kabisa, kwenye kesi ya ubunge wa Arusha Mjini wa Godbless Lema, Mahakama Kuu ilimvua 2012 na Mahakama ya Rufani ikamrudishia mwisho wa mwaka huo huo, na moja ya sababu ni kwamba wapiga kura waliofungua kesi haki zao wenyewe hazikuguswa. Nilifurahi aliporudishiwa maana watu wa Arusha walimchagua, lakini ukiisoma kama mteja wa huduma unaona kwamba wewe uliyepanga foleni siyo rahisi kuhesabika kuwa umeumizwa. Nyota 1.

Wasimamizi je? Kwa miaka mingi msimamizi wa uchaguzi jimboni alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa rais, na rais naye ni mwenyekiti wa chama kinachogombea. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hii haifai, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikasema inafaa. Sheria mpya ya 2024 ikabadilisha jina la tume ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Nawajua wakurugenzi wanaofanya kazi kwa haki kabisa, siwatukani, ila mwamuzi hata awe mwema vipi anatakiwa aonekane hana timu, na mteja asilazimishwe kuamini moyo wa mtu.

Kuhusu 2025 siwezi kupita haraka na wala siwezi kuandika kama naandika kuhusu bidhaa. Aprili Chadema, chama kikuu cha upinzani, hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi na tume ikasema hawatashiriki, huku mwenyekiti wao Tundu Lissu akiwa ndani kwa kesi ya uhaini. Majimbo yalikuwa yameongezwa yakafika 272, karatasi zikachapishwa, vituo vikapangwa vizuri kama kawaida. Oktoba 29 watu wakaandamana, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakafa. Wangapi hadi leo panabishaniwa, lakini kila mmoja alikuwa na kwao. Mbunge aliyetoka kwenye uchaguzi huo anaitwa mheshimiwa kama wengine wote na pengine ni mchapakazi, ila nikiulizwa kama mteja nilipewa cha kuchagua, jimbo ambalo chama kikuu cha upinzani hakipo kwenye karatasi na mgombea wa chama tawala nimeletewa, jibu langu ni hapana. Na vijana walioingia barabarani wengi wao ni umri ambao haujawahi kuona uchaguzi wa wabunge wenye ushindani wa kweli jimboni kwao, wa 2015 walikuwa shule ya msingi.

Huwa naambiwa chama kikubwa hakiwezi kukubali ushindani maana kitakufa. Botswana chama cha BDP kilitawala tangu uhuru 1966, kilishinda kila uchaguzi, wachambuzi wakawa wanasema kule hakuna upinzani. Oktoba 2024 wananchi wakapiga kura, BDP ikapata viti 4 kati ya 61, muungano wa upinzani UDC wa Duma Boko ukapata 36, rais aliyekuwepo Mokgweetsi Masisi akampigia simu mwenzake akakubali hata kabla hesabu zote hazijaisha na Novemba 1 Boko akaapa. Hakuna duka lililochomwa. BDP ipo, ina wabunge wake, inajipanga upya. Wenye chama kikubwa hapa kwetu wakiisoma hiyo vizuri waone kwamba kushindwa kwa karatasi ni kitu kinachopona.

Kwa anayeuliza basi afanye nini maana 2030 inakuja na hii huduma hatuwezi kuhamia kampuni nyingine. Kama una kadi ya chama chochote, kiwe kikubwa au kidogo, nenda kwenye uchaguzi wa shina na tawi, ule wa kuchosha ambao watu hawaendi, kwa sababu huko ndo wanakopatikana wajumbe, na wajumbe ndo wanaochagua mbunge wako. Kama huna kadi, omba uwe wakala, hata wa chama ambacho hukipendi sana, uone hesabu kwa macho yako na uondoke na nakala ya fomu iliyosainiwa. Na wote tudai vitu vitatu ambavyo havihitaji hata katiba mpya kuanza, vyama vitangaze kura za maoni za kila jimbo namba kwa namba, jina likikatwa sababu iandikwe na kubandikwa pale pale ofisi ya wilaya, na kampeni za mchujo ziwe za jukwaa moja kama zile za jembe na nyumba ili mwalimu wa shule ya kata ashindane na mfanyabiashara bila kukopa. Mgombea binafsi linahitaji kubadili katiba, hilo tulidai kwa wabunge hawa hawa waliopo, kila mbunge anapokuja kuzindua kisima aulizwe msimamo wake kabla hajakata utepe.